Nani Anaonekana Kwenye Ukurasa wa Kanisa?

Mgeni anayehamia mtaani kwetu leo haanzi kulijua kanisa kwa kusikia kengele. Anaanza kwa simu. Anaandika jina la usharika, na kabla hajasalimiana na mzee wa kanisa hata mmoja, ameshaona picha zetu, amesikia kwaya yetu na amesoma maneno tuliyoandikiana. Kwa hiyo ukurasa wa kanisa katika mtandao unahubiri. Unahubiri Jumatatu hadi Jumamosi, usiku na mchana, hata mchungaji akiwa amelala. Katika insha hii tunataka kuyasikiliza mahubiri hayo kama tunavyosikiliza mahubiri ya madhabahuni, na kuuliza kama ni Injili ile ile.

Hatuna haja ya kubishana kama kanisa litumie mitandao au lisitumie. Kanisa limetumia kila chombo kilichopatikana katika zama zake. Paulo aliandika barua, na akawaagiza Wakolosai wakishaisoma ya kwao waipeleke isomwe Laodikia pia. Luther asingesikika mbali na Wittenberg kama si mitambo ya kuchapa. Mwaka 1522 Agano Jipya lake la Kijerumani lilitoka katika mitambo hiyo na kuingia katika nyumba za watu. Hapa kwetu Afrika Mashariki, wazee wetu wanaikumbuka Sauti ya Injili, redio iliyofunguliwa Addis Ababa mwaka 1963 na Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, ambayo vipindi vyake vya Kiswahili viliandaliwa Moshi. Serikali ya Ethiopia iliichukua mwaka 1977, lakini kwa miaka hiyo 14 mkulima wa kahawa aliketi jioni na redio yake akasikia Neno kwa lugha anayoielewa.

Mitandao nayo imetenda mema, na tungekuwa wakosefu wa shukrani tusipoyataja. Mwezi Machi 2020, milango ya makanisa ilipofungwa Kenya, Uganda na Rwanda kwa sababu ya ugonjwa wa korona, ibada ilipita katika simu. Hata Tanzania, ambako makanisa yalibaki wazi, sharika nyingi zilijifunza kurusha ibada mubashara na hazijaacha tangu hapo. Bibi ambaye magoti hayamruhusu tena kupanda ngazi za kanisa anaimba na wenzake akiwa kitandani. Kijana wetu aliyekwenda kutafuta maisha Muscat au Minneapolis anasikia tangazo la msiba siku ile ile, na anatuma rambirambi kabla ya jeneza kutoka nyumbani. Fundisho la katikati ya wiki linamfikia dereva wa lori akiwa amepumzika Tunduma. Haya yote ni neema.

Basi shida iko wapi? Wengi huitafuta kwenye mambo ya nje: vijana kushika simu wakati wa mahubiri, bando kuisha, sauti kukatika. Hayo yanarekebishika kwa tangazo moja na waya mmoja mzuri. Shida tunayoiona sisi ni nyingine. Mara nyingi anayeonekana katika kurasa za makanisa ni mtu dhaifu, na anaonyeshwa kwa namna ambayo yeye mwenyewe, kama angeulizwa akiwa huru kujibu, asingependa. Tutatoa mifano mitatu, na kila msharika ataitambua.

Mfano wa kwanza ni picha ya msaada. Kamati ya diakonia imekwenda kwa mjane na mfuko wa unga, mafuta, sabuni na kilo mbili za sukari. Mama anasimamishwa mbele ya nyumba yake. Upande huu mchungaji, upande ule mwenyekiti wa kamati, wote wameshika mfuko mmoja, na wote wanatazama kamera. Jioni picha iko kwenye ukurasa, na chini yake jina la mama, jina la mtaa na maneno ya kumshukuru Mungu. Waliotoa wamefurahi. Lakini kesho yake mtoto wa mama huyo anakwenda shuleni, na wenzake wameshaiona picha.

Tutaambiwa kwamba mama alikubali. Ni kweli, hakukataa. Lakini mtu anayeombwa ruhusa huku mfuko wa unga uko mkononi mwa anayeomba ana nafasi gani ya kukataa? Ruhusa ya namna hiyo inafanana na malipo: amepewa unga, naye ametoa uso wake. Bwana Yesu alisema juu ya wanaotoa sadaka huku wakipiga tarumbeta mbele yao, akafundisha kwamba hata mkono wa kushoto usijue linalofanywa na wa kuume. Tarumbeta ya siku zile ilisikika mwisho wa barabara. Ya siku hizi inasikika dunia nzima, na haijui kunyamaza.

Wengine watajibu kwamba wafadhili wanataka ushahidi, na kwamba sadaka ya watu lazima ihesabiwe mbele yao. Hoja hii ina uzito, maana kanisa lisilotoa hesabu linafungua mlango wa wizi. Lakini hesabu haihitaji uso wa mjane. Kamati inaweza kuonyesha magunia yakipakiwa, risiti za dukani, idadi ya nyumba zilizofikiwa na kiasi kilichobaki katika mfuko. Taarifa ya namna hiyo ina ukweli mwingi kuliko picha, kwa sababu picha moja ya mfuko mmoja haimwambii mtoaji fedha zake zote zilikwenda wapi.

Mfano wa pili uko katika makundi ya WhatsApp. Kundi la usharika lilianzishwa kwa ajili ya matangazo, kisha likawa la maombi, kisha likawa la kila kitu. Asubuhi moja unaingia ujumbe: ndugu fulani amelazwa, wodi fulani, anasumbuliwa na ugonjwa fulani, tumwombee. Aliyeandika ana upendo wa kweli. Lakini kundi moja la WhatsApp linaweza kuwa na watu hadi 1,024, na ndani yake wamo waliohama usharika, wamo jamaa wa mwajiri wa mgonjwa, wamo wengine ambao hakuna anayekumbuka waliingizwa na nani. Ujumbe ule unaweza kusambazwa kwenye makundi mengine kabla ya chai ya saa nne. Kampuni yenyewe imeiona hatari ya ujumbe unaokimbia hivi: mwaka 2019 iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa makundi au watu watano kwa mara moja, na mwaka 2020 ikapunguza hadi mmoja kwa ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, na wapo wanaoutumia usemi huu kutetea tangazo la ugonjwa. Lakini usemi huu unamhimiza mgonjwa aseme kwa wanaoweza kumsaidia. Haumpi jirani ruhusa ya kusema kwa niaba yake. Serikali zetu nazo zimelitambua jambo hili. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Zote mbili zinaziweka habari za afya ya mtu katika fungu linalohitaji ulinzi wa pekee. Ni aibu kwa kanisa kuhitaji kukumbushwa na sheria ya nchi jambo ambalo lingepaswa kulijua kwa kumtazama Bwana wake.

Maana tukiisoma Injili ya Marko kwa utulivu tunaona jinsi Yesu alivyowalinda wagonjwa dhidi ya macho ya watu. Kiziwi aliyeletwa kwake alimtenga kwanza na umati. Kipofu wa Bethsaida alimshika mkono akamtoa nje ya kijiji. Nyumbani kwa Yairo aliwatoa wote waliokuwa wakilia, akabaki na baba, mama na wanafunzi watatu tu, kisha akaagiza habari ile isienezwe. Huyu ndiye aliyekuwa na sababu kuliko wote ya kutaka miujiza yake ionekane.

Kuna anayeweza kutupinga kwa kumtaja mwanamke aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, ambaye Yesu aliuliza mbele ya watu wote ni nani aliyemgusa. Tumsome vizuri. Yesu hakumtangaza. Aliuliza, akangoja, na mwanamke mwenyewe ndiye aliyekuja akasema. Alipomaliza aliitwa binti, akaagizwa aende kwa amani. Na yule wa nchi ya Wagerasi aliyetokwa na pepo alitumwa nyumbani kwake, kwa watu wake, akawaeleze mwenyewe. Ushuhuda ni mali ya mwenye nao. Yeye ndiye anayejua aseme lini, mbele ya nani, na aishie wapi.

Mfano wa tatu ndio unaotuumiza zaidi, na haujasemwa vya kutosha. Katika sharika zetu mtu aliyekuwa chini ya nidhamu ya kanisa hurudi kundini mbele ya usharika. Anasimama, anaulizwa, anajibu, anaombewa, kisha washarika wanamshika mkono. Ni tendo zito na zuri. Uzuri wake umo katika hao wanaomzunguka. Wanamjua yeye, wanaijua nyumba yake, na Jumapili ijayo watakaa naye benchi moja. Aibu anayoipata inafunikwa palepale na mikono inayompokea.

Sasa kamera inawaka. Ibada inarushwa mubashara kama Jumapili nyingine yoyote, na hakuna aliyefikiri kuizima. Binti wa miaka ishirini anaungama mbele ya usharika, na papo hapo anaungama mbele ya watu asiowajua, ambao hawatamshika mkono kamwe. Video inabaki. Miaka mitano baadaye anaomba kazi, au anaposwa, na mtu anaikuta. Kanisa lilimwambia dhambi yake imesamehewa na kusahauliwa, lakini ukurasa wa kanisa hilohilo umeihifadhi kwa tarehe na saa.

Hapa ndipo tunapoona kwamba kamera hupokea tendo moja na kutoa jingine. Tunaposema "mbele ya kanisa" tunamaanisha watu waliobatizwa, wenye wajibu wa kumbeba mwenzao. Mtandao hauna watu wa namna hiyo, una watazamaji. Katika Mathayo 18 Bwana aliweka ngazi: kwanza wewe na ndugu yako peke yenu, kisha shahidi mmoja au wawili, kisha kanisa. Ngazi iliishia kwenye kanisa. Hakuweka ngazi ya nne.

Kwa nini makosa haya yanajirudia hata katika makanisa yenye viongozi wema? Kwa maoni yetu, ni kwa sababu mitandao ina vipimo vyake, na vipimo hivyo vimeingia katika vikao vyetu bila kubisha hodi. YouTube huanza kugawana fedha za matangazo na mwenye chaneli anapofikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Hakuna dhambi katika namba hizo zenyewe. Lakini kamati ikishazijua, huanza kuuliza ni video ipi inatazamwa sana. Jibu linajulikana: anayelia hutazamwa kuliko anayesikiliza, anayeanguka kwa pepo kuliko anayesoma zaburi, ugomvi wa wachungaji kuliko mafundisho ya kipaimara. Taratibu ibada inaanza kupangwa kwa ajili ya mtu ambaye hayupo. Shetani alimpandisha Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu na kumtaka ajitupe, tendo ambalo lingemshangaza kila aliyekuwa chini. Bwana alikataa, akashuka, akaenda kutafuta wavuvi.

Wahenga wetu walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usharika unaowatunza yatima wake, unaozika wafu wake kwa heshima na kupatanisha wagomvi, habari zake zinafika mbali hata bila picha.

Lakini je, Bwana hakusema taa isifichwe chini ya pishi, na watu wayaone matendo mema? Alisema, na neno hilo ni halali kabisa kwa wanaopenda mitandao. Tukumbuke tu kwamba neno la taa na neno la tarumbeta yamo katika hotuba moja, ile ya mlimani, sura ya tano na ya sita ya Mathayo. Msemaji ni mmoja na hajipingi. Taa huangaza njia ili watu waone na wamtukuze Baba. Tarumbeta humwita mtu amtazame anayeipiga. Kwa hiyo kila picha inaweza kupimwa kwa swali moja: atakayeiona atamtukuza nani, na ni nani atakayebaki na aibu?

Tukishika swali hilo, hekima ya kutumia mitandao haitakuwa jambo gumu. Wazee wa kanisa wakubaliane ni sehemu zipi za ibada ambazo kamera huzimwa bila mjadala: kurudi kundini, maombezi ya mtu mmojammoja, na jambo lolote ambalo mtu analia nalo. Kwaya, masomo, mahubiri na matangazo ya jumla yaendelee kurushwa. Picha za watoto wa shule ya Jumapili na wa kipaimara ziwekwe kwa idhini ya wazazi, bila jina kamili wala jina la shule. Anayepokea msaada asipigwe picha siku ya kupokea. Kama baadaye, akiwa amesimama kwa miguu yake, anataka kushuhudia, aje mwenyewe.

Kundi kubwa la WhatsApp libaki la matangazo, ambalo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Programu inaruhusu hivyo. Maombi ya wagonjwa yaende kwa kikundi kidogo cha waombaji au kwenye jumuiya, na yatajwe kwa kadiri mgonjwa alivyoruhusu. Mungu anamjua mgonjwa hata asipotajiwa namba ya wodi. Akaunti za kanisa ziwe mali ya kanisa, nenosiri lijulikane na watu wawili au watatu walioteuliwa na baraza, ili msimamizi akihama au akikosana na mchungaji asiondoke na ukurasa. Namba ya kutolea sadaka itangazwe kanisani na kubandikwa ubaoni, na washarika waambiwe wazi kwamba mchungaji haombi fedha kwa ujumbe wa faragha. Matapeli wamejifunza kutumia majina na picha za watumishi, na wanaoibiwa mara nyingi ni wale wenye moyo wa kutoa. Na mtu yeyote akiomba picha yake iondolewe, iondolewe siku hiyo hiyo bila kuulizwa sababu.

Vijana wanaoshika kamera nao wasiachwe peke yao. Mara nyingi tunawapa kifaa na kuwalaumu baadaye. Kazi yao ni huduma kama ya msoma Neno au ya mzee wa zamu, na inahitaji mafundisho, maombi na mtu mzima wa kumwuliza: "Mzee, hii tuirushe?" Kijana aliyefundishwa kushusha kamera pale mwenzake anapolia amejifunza somo la upendo ambalo darasa lingemfundisha kwa shida.

Yohana, katika barua zake mbili fupi za mwisho, anawaambia wasomaji wake kwamba anayo mengi ya kuwaandikia, lakini hapendi kuyaweka yote kwa wino. Anatumaini kuja, wazungumze ana kwa ana. Alikuwa mwandishi, hakuidharau kalamu. Alijua tu kwamba kuna mambo ya ndugu yanayopaswa kungoja hadi ndugu waonane. Simu zetu zinaweza kubeba Neno hadi Tunduma na Muscat. Kumbeba yule binti ni kazi ya mikono iliyompokea Jumapili ile, na mikono hiyo haina budi kuanza kwa kuiondoa video yake.